Mahali pa kuzeekea: jinsi ya kuamua utaishi wapi ukistaafu

Wastaafu wengi niliowajua walichagua pa kuishi kwa macho. Waliona ziwa, au kilima, au kiwanja kikubwa chenye miti, wakasema hapa ndipo. Sina ugomvi na ziwa wala kilima. Lakini kazi yangu ni uuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani, na katika nyumba za wazee nilizoingia nimeona kwamba nyumba iliyomfurahisha mtu akiwa na miaka 62 inaweza kumfungia ndani akiwa na miaka 79. Kinachomfunga ni vidato vinne vya mlangoni, barabara isiyopitika mvua ikinyesha, leseni ya udereva aliyoirudisha kwa sababu ya macho, na jirani anayeishi mbali kiasi cha kutosikia mtu akiita.

Mwakani nami nastaafu. Mume wangu alistaafu kabla yangu. Yeye anataka maji mbele ya dirisha, mimi nataka kituo cha basi karibu na mlango, na maongezi yetu ya jioni siku hizi ni hayo. Ninayoyaandika hapa ndiyo tunayoyafuata sisi wenyewe, na nimeyachota katika yale niliyoyaona kazini. Mambo mawili, hospitali na bafu, yana uzito kuliko mengine yote, ndiyo maana nitakaa nayo muda mrefu.

Anza na umri, ramani baadaye

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zinaonyesha kwamba mtu aliyefika miaka 60 alitarajiwa, kwa wastani wa dunia nzima, kuishi miaka mingine 21 hivi. Kati ya hiyo, karibu 16 ndiyo ya afya njema. Toa 16 katika 21 uone kinachobaki. Miaka ile mitano ndiyo watu huisahau wanapokwenda kutazama nyumba, na ndiyo inayowarudia kwa nguvu. Kwa wengine itakuwa miwili, kwa wengine kumi. Hakuna anayejua yake, kwa hiyo nyumba lazima iweze kubeba yote.

Chukua karatasi, uigawe safu tatu: miaka 65, 75 na 85. Chini ya kila umri andika Jumanne yako. Usiandike sikukuu wala siku ambayo wajukuu wamekuja. Siku hizo hupendeza popote. Andika Jumanne ya kawaida: unaamka na kwenda chooni umbali gani, dawa unazichukua wapi na unafikaje, nani anabeba mizigo ya sokoni, unaongea na nani kabla jua halijazama. Safu ya 65 hujaa haraka. Safu ya 85 ndiyo watu hukaa nayo kimya, kalamu mkononi. Ukiona hujui cha kuandika pale, tayari umejua swali la kwenda kuuliza huko unakotaka kuhamia.

Kama mko wawili, kila mmoja aandike peke yake, kisha mbadilishane karatasi. Mume wangu aliandika uvuvi katika safu zote tatu. Nilimuuliza mashua ataisukuma nani majini akiwa na miaka 85. Tuliongea hadi usiku, na yalikuwa mazungumzo mazuri, kwa sababu kwa mara ya kwanza tuliacha kubishana kuhusu ziwa tukaanza kuzungumza kuhusu magoti yake.

Hospitali: uliza inaweza nini

Watu huniambia, "Hospitali ipo, ni nusu saa tu." Nusu saa kwa gari la nani? Saa ngapi? Nani yuko kwenye usukani? Aliyepata kiharusi hawezi kujiendesha, na mwenzake mwenye mtoto wa jicho hawezi kuendesha usiku.

Nieleze kwa nini ninasisitiza. Kiharusi kinachotokana na bonge la damu kuziba mshipa wa ubongo kina dawa ya kuliyeyusha bonge hilo, lakini kwa kawaida dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika inayopita hupunguza faida yake. Tena daktari hawezi kuitoa kwa kukisia. Lazima kwanza apate picha ya ubongo, mara nyingi kwa mashine ya CT, kwa sababu kuna kiharusi kingine kinachotokana na mshipa kupasuka na kuvuja damu, na dawa ileile kwa mgonjwa huyo inaweza kumuua. Kwa hiyo zahanati safi yenye wauguzi wenye roho nzuri, ikiwa haina mashine hiyo, kwa tatizo hili ni kituo cha kupitia tu, na saa zinaendelea kuhesabika.

Ukienda kutazama mahali, fika hospitalini kwa miguu yako ungali mzima. Uliza kama mashine ya CT ipo na kama inafanya kazi usiku na mwisho wa wiki. Uliza kama kuna anayeweza kuisoma picha saa nane usiku, iwe pale pale au kwa kutumiwa mtandaoni. Uliza gari la wagonjwa hutokea wapi na huchukua muda gani kufika mtaa unaoutaka, na nani hulilipia. Usione haya. Watumishi wengi hufurahi kuulizwa na mtu aliyesimama, maana wamezoea kuulizwa na mtu anayelia.

Kisha ifanye safari yenyewe. Ifanye usiku, na kama unaweza, siku ya mvua kubwa, kwa chombo ambacho kweli ungekuwa nacho. Na uwaulize wenyeji swali hili moja: "Mara ya mwisho mtu wenu alipougua ghafla usiku, mlifanyaje?" Watakusimulia yote. Watakutajia daraja linalofunikwa na maji, dereva anayepokea simu na asiyepokea, mlango wa hospitali unaofungwa na ule unaoachwa wazi.

Kuna pia magonjwa yasiyokimbiza mtu usiku lakini yanakula siku zake. Figo zikishindwa, mgonjwa wa kusafishwa damu huenda kituoni kwa kawaida mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine kama saa 4. Bwana mmoja niliyekuwa nikimtembelea alikuwa na nyumba nzuri kando ya maji, aliyoijenga kwa uangalifu mkubwa. Figo zilipofeli, yeye na mkewe waliondoka alfajiri na kurudi giza likiingia, siku tatu kila wiki. Siku nne zilizobaki alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Hatimaye walipanga chumba na sebule karibu na kituo, na nyumba ya kando ya maji ikabaki na mlinzi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Simaanishi kila mstaafu aishi kwenye uzio wa hospitali. Ninasema ujue umbali wako kwa saa, kwa usiku na kwa uwezo wa kituo chenyewe, halafu uukubali kwa hiari yako. Mtu anayejua yuko saa tatu kutoka kwenye mashine, na bado anachagua kilima chake, huyo amechagua. Namhurumia aliyeambiwa "nusu saa tu."

Nyumba: anzia bafuni

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika watu wenye miaka 65 na zaidi, asilimia 28 hadi 35 huanguka kila mwaka. Kwa niliyoyaona mimi, ukitaka kujua nyumba itamtunza mzee au itamwangusha, usianzie sebuleni wala kwenye mandhari. Omba kuoneshwa bafu, uingie, ufunge mlango, usimame pale peke yako.

Sasa angalia hivi. Mzee akimaliza kuoga, sakafu ina maji na sabuni, na anataka kuinua mguu mmoja avuke ukingo wa beseni au kizingiti cha pa kuogea. Kwa nukta moja amesimama kwa mguu mmoja juu ya kitu kinachoteleza. Mkono wake, bila yeye kuuamrisha, unanyooka kushika kilicho karibu. Kilicho karibu ni chuma cha taulo. Chuma kile kimefungwa kwa skrubu mbili fupi ili kibebe taulo bichi. Hakikufungwa kubeba mtu wa kilo 70. Nimekuta ukutani matundu mawili yaliyobanduka pamoja na lipu, chuma kiko sakafuni, na mwenye nyumba yuko hospitalini na nyonga iliyovunjika. Wengi wanaovunjika nyonga uzeeni hawarudii kutembea kama zamani. Tofauti kati ya siku ile na siku nyingine yoyote ingekuwa chuma cha kushikilia kilichofungwa barabara mahali panapofaa.

Basi beba tepu ya kupimia, na usione aibu mbele ya dalali. Mlango wa bafu na wa chumba cha kulala uwe na nafasi wazi ya kupita isiyopungua sentimita 80, vinginevyo kiti cha magurudumu hakitapita, na hata mtu mwenye kitembezi atapita kwa kujikunja. Kiti cha magurudumu kinahitaji duara la upana wa sentimita 150 hivi ili kigeuke. Choo kiwe orofa moja na kitanda, na njia kati ya viwili hivyo iwe fupi, iliyonyooka, yenye swichi ya taa unayoifikia kabla hujainuka kitandani. Mwanga ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani: jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Korido inayokutosha leo itakuwa giza baadaye, bila balbu kubadilika.

Halafu hesabu vidato vya kuingilia. Kanuni ya njia ya mteremko kwa ajili ya kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Vidato vinne vya sentimita 15 kila kimoja ni kimo cha sentimita 60. Zidisha mara 12: unahitaji mteremko wa mita 7 na sentimita 20. Simama mlangoni, upime kwa hatua, uone mita hizo zinaishia wapi. Katika nyumba nyingi zinaishia kwenye ukuta wa jirani. Nyumba ambayo vidato vyake haviwezi kugeuzwa kuwa mteremko ni nyumba ambayo siku moja utatolewa kwa kubebwa.

Ghorofa za juu si mbaya mradi lifti ipo, lakini waulize wapangaji lifti huharibika mara ngapi na hukaa siku ngapi kabla ya kutengenezwa. Uliza pia umeme ukikatika inakuwaje. Nina wagonjwa wanaokosa kliniki kwa sababu ya lifti tu.

Kuhusu ukubwa, nitasema kwa ufupi. Vyumba vya kulaza wageni vitatumika siku chache, lakini vitafagiliwa, vitapakwa rangi na kuezekwa upya kila vinapohitaji. Wajukuu hawajali kulala sebuleni kwenye magodoro. Wengi hupenda zaidi hivyo.

Ishi kama huna gari

Siku ya kuacha kuendesha gari huja kwa karibu kila anayezeeka, na mara nyingi huja kabla ya siku ya kuacha kutembea. Kwa hiyo, unapojaribu mahali, ziache funguo za gari. Nenda kununua mahitaji, nenda duka la dawa, nenda ibadani kama unaabudu, nenda kumsalimu mtu, yote bila gari. Angalia kama njia ya miguu ipo au unapita ukingoni mwa barabara magari yakikupuliza upepo. Angalia kama kuna pa kukaa njiani. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, baada ya kuwasikiliza wazee wenyewe katika miji 33 ya dunia. Kati ya yaliyoingia humo ni viti vya kupumzikia, vyoo vya umma na njia za miguu zilizo sawa. Kijana anaweza kuona ni mambo madogo. Mtu anayemeza dawa ya kupunguza maji mwilini hupanga safari yake yote kwa kufuata vyoo, na asipovijua haendi.

Hata kuvuka barabara kunahitaji kupimwa. Uingereza kwa miaka mingi taa za waenda kwa miguu zilikadiria kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, na utafiti uliochapishwa huko mwaka 2012 ulionyesha kwamba wengi wa waliozidi miaka 65 hawafikii mwendo huo. Taa huwa nyekundu wangali katikati. Simama kwenye kivuko unachokitegemea, umtazame mzee wa hapo akivuka. Utajifunza mengi kwa kumtazama mmoja tu.

Watu, na watoto hasa

Wengi huhama ili wawe karibu na watoto. Ni jambo jema, na ninalielewa sana. Ila muulize mtoto mwenyewe, uso kwa uso, mambo matatu: ana hakika gani kwamba kazi yake itabaki hapo miaka kumi ijayo, yeye na mwenzake wanatarajia msaada gani kutoka kwako, na wewe unaweza kutarajia msaada gani kutoka kwao. Nimemwona mama aliyehamia mji asioujua ili alee wajukuu, na baada ya muda mwanawe akahamishiwa kazi nchi nyingine. Mama akabaki katika mtaa ambao hakuna aliyejua jina lake. Kama ungepapenda mahali hapo hata kama mtoto asingekuwepo, nenda. Kama mtoto ndiye sababu pekee, fikiri tena, au panga kwa kodi uweze kumfuata.

Mimi huwauliza wagonjwa wangu: usipofungua pazia leo asubuhi, nani atagundua kabla ya adhuhuri? Swali hilo halikutoka hewani. Joto kali lilipoukumba mji wa Chicago Julai 1995, walikufa watu zaidi ya 700, na wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao. Ufaransa, Agosti 2003, joto lilisababisha vifo vya ziada kama 15,000, na hapo pia wazee ndio walioathirika kuliko wengine wote. Joto ndilo lililoua, lakini wengi wangepona kama mtu angebisha hodi mapema. Kwa hiyo jirani ni sehemu ya afya yako kama ilivyo dawa ya presha. Katika mahali papya, angalia kama watu husalimiana kwa majina, kama kuna kikundi, kwaya, darasa au bustani ya pamoja unayoweza kuingia ungali na nguvu za kuchangia. Urafiki wa uzeeni hujengwa na mtu anayeweza bado kutembea kwenda kwa mwenzake; ukichelewa kuhama, unakuta huna tena miguu ya kuujengea.

Kuna mitaa na miji iliyojengwa kwa ajili ya wastaafu pekee. Sun City, katika jimbo la Arizona, Marekani, ilifunguliwa Januari 1960 kwa wazo hilo na nyingine nyingi zikafuata. Utulivu upo, shughuli zipo, na nyumba nyingi hazina ngazi. Kinachonipa wasiwasi ni kwamba majirani wote huzeeka pamoja. Ukianguka, anayekuja kukuinua naye ana mgongo mbovu. Mimi ningechagua mtaa wenye vijana na watoto, kelele zao zikiwemo. Wengine hawatakubaliana nami, na wana haki.

Fedha na karatasi

Mstaafu hupokea fedha nyingi kwa mkupuo, na mara nyingi wiki hizo hizo ndipo anapotafuta kununua au kujenga. Ninakuomba usubiri. Mwaka 1967 madaktari wa magonjwa ya akili Thomas Holmes na Richard Rahe walichapisha kipimo cha misukosuko ya maisha ambacho bado kinatumika. Kufiwa na mwenzi kulipewa alama 100, kustaafu 45, kuhama makazi 20. Ukistaafu na kuhama kwa wakati mmoja, umejitwisha misukosuko miwili. Anayefiwa na papo hapo akauza nyumba na kuhama, huyo amejitwisha mzigo ambao nimeuona ukiwaangusha watu imara. Kama hakuna kinachokulazimisha, acha mwaka mmoja upite kati ya tukio moja na jingine, na fedha zikae mahali salama.

Usiiuze nyumba ya zamani kabla hujaijaribu mpya. Ikodishe, au iache kwa mtu unayemwamini. Mlango wa kurudi ukiwa wazi, hata kukaa kwako ugenini kunakuwa na raha.

Ukifikiria kuhamia nchi nyingine, uliza kwa maandishi kama pensheni itakufuata, kama bima ya afya itakufuata, na kodi utalipa wapi. Majibu yanatofautiana kuliko watu wanavyofikiri. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa mstaafu aliyehamia Ufaransa, lakini kwa aliyehamia Australia au Kanada hubaki palepale ilipokuwa. Bima ya Medicare ya Marekani kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi, isipokuwa katika hali chache. Nchi nyingi huanza kumhesabu mtu kuwa mkazi wa kulipa kodi akifikisha siku 183 kwa mwaka, ingawa kila moja ina masharti yake, na hapo inafaa kumlipa mtaalamu kwa saa moja.

Na swali ambalo wenzi hawapendi kulizungumza: mmoja akifa, pensheni yake itabaki kiasi gani kwa mwingine, na je, kiasi hicho kitaweza kuiendesha nyumba hii? Fanyeni hesabu mara mbili, mara moja kwa mume aliyebaki, mara moja kwa mke aliyebaki. Hakikisheni hati ya nyumba ina majina ya wote wawili na wosia umeandikwa. Nimekaa na wajane waliokuwa wakiomboleza huku wakitafuta karatasi ndani ya masanduku, na ninasema kwa moyo wote, msimwachie mwenzenu kazi hiyo.

Jaribu katika msimu mbaya

Ukishapunguza orodha ikabaki na mahali pawili au patatu, nenda ukapange nyumba na uishi. Usiende kwa likizo. Likizo huficha kila kitu. Nenda katika msimu ambao wenyeji wanaulalamikia: wa joto, wa baridi, wa mvua, wa vumbi, wa mbu. Joto kali ni hatari zaidi kwa mzee, maana mwili hujipoza kwa shida na kiu huja ikiwa imechelewa, na dawa nyingi za moyo na presha huongeza tatizo. Miinuko nayo ina mambo yake: katika kimo cha mita 2,500 kila pumzi ina oksijeni pungufu kama robo ukilinganisha na pwani, jambo ambalo mwenye ugonjwa wa mapafu au moyo azungumze na daktari wake kabla ya kuipenda hewa safi ya huko.

Ukiwa huko, fanya yale yanayochosha. Mwite fundi bomba uone atakuja lini. Kaa nyumbani siku nzima umeme ukiwa umekatika. Amka usiku usikilize kelele. Nenda kituo cha afya kwa jambo dogo, kupima presha tu, na uone unavyopokelewa. Uliza kama kuna walezi wa kuajiriwa wa kumsaidia mzee nyumbani, na kama kuna makao ya wazee, yatembelee sasa. Ukifika huko uliza usiku kunakuwa na watumishi wangapi, kisha nusa hewa ya korido. Pua ya muuguzi haihitaji ripoti, na yako pia itatosha.

Sisi tumepanga nyumba ndogo karibu na ziwa kwa msimu wote wa mvua. Mume wangu atavua, mimi nitapima saa za kufika hospitalini. Tumekubaliana kwamba neno la mwisho litazingatia yule atakayebaki peke yake, na kwa kuwa katika nchi nyingi wanawake huishi zaidi ya wanaume, alisema mwenyewe kwamba kituo cha basi kina haki ya kusikilizwa. Nilimshukuru sana kwa hilo.

Kubaki ulipo nako ni uamuzi

Baada ya yote haya unaweza kugundua kwamba mahali bora ni pale pale unapoishi, penye watu wanaokujua na daktari mwenye faili lako. Basi lifanye kuwa chaguo, kwa kuirekebisha nyumba ungali na nguvu na mapato ya kusimamia mafundi. Wengi husubiri mpaka mtu aanguke, ndipo kazi ifanywe kwa haraka huku mgonjwa yuko wodini.

Anza na bafu, kisha taa, kisha mlango wa kuingilia. Ondoa mazulia madogo yanayoteleza. Hilo halina gharama. Ukifika bafuni, mwambie fundi aweke ubao imara au chuma ndani ya ukuta kabla hajapachika vigae, upande wa choo na upande wa kuogea, hata kama leo hakuna anayehitaji vyuma vya kushikilia. Piga picha ya ukuta ukiwa wazi, tepu ya kupimia ikionekana, ili fundi atakayekuja miaka kumi baadaye ajue pa kutoboa. Picha hiyo itie pamoja na hati ya nyumba.